Kitani na jasho: mavazi ya mwimbaji wa injili

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo la wiki hii ni Ezekieli 44:15-19, likisomwa pamoja na 1 Nyakati 15:22-29.

Mwimbaji wa injili akipanda jukwaani, macho ya kanisa huanzia viatuni na kupanda: pindo, kiuno, kifua, nywele. Maswali nayo tunayajua. Imefika wapi? Imebana? Inaonyesha? Kamati nyingi za kwaya hapa Uganda zina masharti ya urefu na upana wa nguo, na hatuyapingi. Lakini Ezekieli anapowavika makuhani anataja jambo ambalo halimo katika masharti yetu: jasho. Sufu hapana. Kilemba kiwe cha kitani, suruali ya ndani iwe ya kitani, na wasijifunge chochote cha kuwatoa jasho. Mungu anayemwambia Samweli kwamba yeye hutazama moyo ndiye huyu huyu anayechagua kitambaa cha suruali ya ndani ya mtumishi wake.

Ugomvi kuhusu mavazi ya waimbaji si wa jana. Mwaka 1985 Amy Grant, Mmarekani aliyekuwa ameshajipatia jina kwa nyimbo za Kikristo zenye mdundo wa kisasa, aliimba kwenye sherehe ya tuzo za Grammy akiwa na jaketi la madoa ya chui, miguu mitupu. Wapo Wakristo waliokwazika, na mwaka 1991 wimbo wake wa mapenzi ulipofika namba moja kwenye chati kuu ya Marekani walisema zaidi. Kuhusu jaketi kila mtu na maoni yake. Kuhusu miguu, wanaomlaumu wakumbuke kwamba Musa pia aliambiwa avue viatu.

Na kabla ya hayo yote kulikuwa na Daudi. Mkewe Mikali alichungulia dirishani, akamwona mfalme akirukaruka mbele ya Sanduku, akamdharau moyoni. Katika 2 Samweli 6 anamtupia maneno kwamba amejifunua kama mtu asiye na haya. Mwandishi wa Nyakati hayaandiki maneno hayo ya Mikali. Anatupa orodha ya nguo: Daudi amevaa joho la kitani safi, vivyo hivyo Walawi waliochukua Sanduku, vivyo hivyo waimbaji, na vivyo hivyo Kenania, msimamizi wa uimbaji. Aya tano juu yake, Kenania ametajwa kwamba alifundisha kuimba kwa sababu alikuwa stadi. Sura moja ina mwalimu wa sauti na ina kitambaa. Mtu anayeruka, anayebeba mzigo na anayeimba, wote watatu wamewekwa ndani ya kitu kinachofyonza unyevu na kukauka upesi. Ndiyo maana tunasema kitani hapa si pambo tu. Ni nguo ya kazi.

Sasa tuje kwetu. Kitani halisi si rahisi kukipata madukani, na kikipatikana ni ghali na hukunjamana kabla hujashuka kwenye boda. Ndugu yake wa karibu ni pamba, na pamba Uganda ni jirani: mbegu za pamba ya biashara zilianza kugawiwa 1903 na Uganda Company, kampuni iliyozaliwa mikononi mwa wamisionari wa CMS, shirika la kimisionari la Kianglikana kutoka Uingereza. Kumbe nchi iliyopewa pamba na kanisa, waimbaji wake wa kanisa wanavaa nailoni. Joho la satini ya poliesta linang'aa vizuri kwenye picha. Chini ya mabati, saa tano asubuhi, watu mia tatu ndani na feni moja, joho hilo halinywi jasho hata tone. Jasho linabaki kwenye ngozi na kuteremka mgongoni, mwimbaji anaanza kufikiria mgongo wake badala ya maneno ya wimbo, na kufikia wimbo wa tatu koo limekauka kwa sababu maji ya mwili yameishia kwenye jasho.

Kosa linalotupata mara nyingi hata tukiwa na nia njema liko ndani, kwenye bitana, yaani kitambaa kinachoshonwa upande wa ndani wa nguo. Unanunua kitenge kizuri cha pamba, unampa fundi, naye anaweka bitana ya poliesta kwa kuwa ni rahisi na inateleza. Umevaa pamba juu ya mfuko wa plastiki. Mwambie fundi mapema: bitana ya pamba nyepesi, au bitana ya kifua tu, au bila bitana kabisa, na gauni la ndani la pamba livaliwe chini yake. Na usiamini neno la muuzaji. Chomoa uzi mmoja pembeni ya kitambaa, uuchome: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Fanyia nje, si katikati ya duka la mtu.

Kitenge huuzwa kwa vipande vya yadi sita. Kwa kwaya, hesabuni wote kwanza, kisha nunueni vipande vyote siku moja, duka moja, toleo moja, kwa sababu mchapo ule ule ukitoka kiwandani mara ya pili rangi huwa imehama kidogo, na chini ya taa tofauti hiyo inaonekana kuliko mkiwa dukani. Ongezeni kipande kimoja au viwili vya akiba kwa watakaojiunga baadaye. Wapendwa wetu kutoka Kongo, walio wengi kwenye ibada za Kiswahili hapa Kampala na kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hawahitaji kufundishwa habari za vitenge, lakini na wao husahau hili moja wanapokuwa na haraka: kiloweke kwenye maji baridi usiku mmoja, kianike kivulini, ndipo kikatwe. Kisipolowekwa kitarudi baada ya kufuliwa mara ya kwanza, na gauni lililokuwa sawa wakati wa uzinduzi wa albamu litabana mbavu ifikapo Pasaka.

Mbavu ndipo uimbaji ulipo. Pumzi ya kuimba haipandi mabegani. Inashuka, mbavu za chini zinapanuka kwenda pembeni na nyuma, na tumbo linatoka mbele kidogo. Fundi akikupima umejibana, tumbo ndani ili uonekane mwembamba, atakushonea nguo ya kupigia picha. Mwambie akupime mara mbili kwenye mbavu za chini, mahali sidiria inapoishia: kwanza ukiwa umetoa pumzi yote, kisha ukiwa umevuta kama unayejiandaa kushika noti ndefu. Tofauti mara nyingi ni sentimita nne au zaidi. Akate kwa kipimo cha pili, aongeze sentimita mbili. Kwenye kwapa aongeze kipande cha pembe nne, la sivyo ukiinua mikono kusifu, gauni lote linapanda na pindo linafika magotini, hapo kamati itakuandikia barua ingawa urefu ulikuwa sahihi ulipokuwa umesimama.

Hapa gomesi, lile gauni refu la heshima la akina mama wa Uganda, inastahili heshima kuliko inavyopewa na vijana. Simulizi inayojulikana ni kwamba ilishonwa na fundi Mgoa (mtu wa Goa, India) aliyeitwa Gomes kwa ajili ya wasichana wa Gayaza, shule iliyofunguliwa 1905. Alijua au hakujua, alishona nguo ya mwimbaji. Mkanda wake hufungwa chini ya kiuno, juu ya nyonga, kwa hiyo mbavu ziko huru kabisa. Shingo ni ya mraba na wazi, koo halikabwi. Shida zake ni mbili. Kwanza, watu huinua mkanda hadi juu ya tumbo ili waonekane na kiuno, na faida yote inapotea. Pili, inaburura: gomesi nzuri hula hadi mita sita za kitambaa, na ngazi za jukwaa haziisamehi. Shika mbele kwa mkono wa kushoto unapopanda, maikrofoni mkono wa kulia, na uzoeshe mwendo huo. Kanzu ya kaka zetu haina tatizo la mbavu. Tatizo lake ni koti la suti linalovaliwa juu, ambalo kwa adabu ya hapa halivuliwi. Basi liwe jepesi na lisifungwe vifungo wakati wa kuimba.

Kutoka 28 inasema joho la Haruni lilikuwa na njuga za dhahabu kwenye pindo, ili sauti yake isikike anapoingia patakatifu. Nguo iliyoagizwa iwe na sauti, na ilikuwa na sababu. Hereni zako kubwa hazijaagizwa. Maikrofoni ya kichwani iko karibu kabisa na sikio, hereni ya chuma ikiigonga kanisa zima linasikia. Mkufu chini ya maikrofoni ya kubana kwenye ukosi hutoa mlio wa kukwaruza ambao fundi wa sauti atautafuta kwenye nyaya kwa robo saa. Vipande vya kung'aa vilivyoshonwa kifuani husugua mkono ulioshika maikrofoni. Kile kiboksi cha maikrofoni nacho kinahitaji mahali pa kukaa, na gauni jepesi likikibeba linavutwa nyuma hadi shingo inapanda kooni. Shona mfuko mdogo wa pamba wenye kamba, uufunge kiunoni juu ya nguo ya ndani, waya upite ndani ya gauni. Fanya hivyo nyumbani, si nyuma ya pazia mbele ya mafundi mitambo.

Kilemba kisifunike masikio. Likifunikwa sikio, unajisikia kutoka ndani ya fuvu tu, sauti yako mwenyewe inaonekana kubwa, ya wenzako inakuwa mbali, na bila kujua unaanza kuteleza nje ya noti. Kiongozi atakulaumu kwa kutosikiliza, kumbe ni kitambaa. Kipandishe juu ya masikio na kukaza nyuma, si kwenye paji la uso, maana kikikaza pale kichwa kitauma kabla ya mahubiri.

Viatu tutaviambia kwa ufupi. Kisigino kirefu kinakusukuma mbele, mgongo unapinda, magoti yanajifunga. Anayesimama nusu saa magoti yakiwa yamefungwa, kwenye joto, anaweza kuzimia, na kanisa litadhani ni upako.

Wimbo nao una mavazi yake. Nyimbo nyingi za injili za kisasa hurekodiwa juu kabisa mwa sauti ya mwimbaji, kwa kuwa studio inapenda sauti inayojikaza. Mikono ya prodyuza inaweza kukata na kuunganisha pumzi. Jumapili haikati. Tena hapo mbele wapo akina mama na wazee wanaotaka kuimba pamoja nawe, na wakishindwa wananyamaza na kukutazama, yaani wamegeuka watazamaji. Shusha kei, yaani kimo cha wimbo, nusu toni mbili au tatu chini ya ile ya studio. Ukiwa unacheza huku unaimba, hesabu: mdundo wa mapigo 120 kwa dakika, mstari wa mapigo manane unakwisha kwa sekunde nne, na unatakiwa kuvuta pumzi kabla ya mwingine. Weka alama za pumzi kwenye karatasi ya maneno kwa kalamu. Mahali pasipo na nafasi, ondoa hatua moja ya kucheza au mwachie mstari huo msaidizi. Zaburi 33 inataka ustadi na shangwe katika aya moja, na shangwe isiyo na pumzi inaishia kuwa kelele.

Ezekieli 44:19 inamalizia na jambo tunalolipuuza. Makuhani wakitoka kwenda ua wa nje walipo watu, wavue nguo za huduma, waziache vyumbani, wavae nyingine. Mwimbaji wa siku hizi hufanya kinyume: ndani ya nguo ile ile iliyolowa anasimama mlangoni kupigwa picha saa nzima, kisha anapanda boda, upepo unampiga kifuani, na Jumatano sauti imekauka. Beba fulana kavu na taulo dogo. Badilisha kwanza, salimia watu baadaye. Nguo ya huduma usiikunje ikiwa na jasho, itaota madoa ya ukungu. Itundike, uifue kesho yake imegeuzwa nje ndani, kwa sabuni isiyo kali, uianike kivulini.

Jumamosi hii mazoezi ni saa nane mchana, chini ya mabati yale yale. Njooni mmevaa nguo za Jumapili kamili, kuanzia kilemba hadi viatu. Daudi alivua silaha za Sauli kwa sababu hakuwa amezijaribu, naye alilijua hilo mapema, kabla hajafika bondeni kwa Goliathi. Mtaimba wimbo mzima mikono ikiwa juu, mtapiga magoti, mtapanda na kushuka ngazi, na mmoja mmoja mtasimama mlangoni jua likiwa nyuma yenu ili dada wakubwa waangalie kama kitambaa kinapitisha mwanga. Anayeshona na asikose kuja na futi, sindano, uzi mweupe na mweusi, na pini za kutosha watu kumi na wawili.