Bakuli Lilirudi Tupu

Kihesa, Iringa. Julai hii baridi inatulaza saa mbili usiku, lakini leo niko macho, nimejikunyata karibu na jiko la mkaa, nachemsha maharage kwenye kisufuria cha chai.

Mwezi ujao natimiza mwaka tangu nihame Nairobi. Nilikuja nikijua sitakuwa mgeni sana, maana lugha ni moja. Kumbe lugha ndiyo iliyoniponza. Asiyejua Kiswahili husamehewa. Mimi nilifika sokoni nikasema, "Nipe nyanya za elfu moja." Muuzaji akazipanga polepole, kisha akanitazama. "Naomba, dada yangu. Huku tunaomba." Nalipa, halafu naomba? Siku hizi hata konda namwomba anishushe.

Salamu nazo! Toka getini hadi kituo cha daladala ni dakika tano kwa miguu, robo saa kwa salamu. Kamwene, za tangu jana, za nyumbani, za kazi. Vijana wenye ndevu wananiamkia shikamoo. Lakini jioni nilikuwa nafunga mlango na kupiga simu Nairobi, basi.

Mama wa jirani ndiye aliyeanza. Wiki ya kwanza alimtuma mwanawe na bakuli la kande. Nikala, nikaliosha bakuli likang'aa, nikalirudisha na asante nyingi. Baadaye akaja mwenyewe kuomba chumvi kidogo. Nikampa pakiti nzima. "Chukua tu mama, wala usirudishe." Nilijiona mkarimu kweli.

Hakupiga hodi tena. Tukabaki na salamu za uani.

Aliyenifumbua macho ni mwenzangu kazini, mzaliwa wa Kalenga. "Bakuli ulirudisha tupu?" Tupu. Akashika kichwa. "Na chumvi ukamkataza kurudisha! Sasa arudi kwako kufuata nini?" Nimekulia kwenye fleti ambako kutodaiwa na jirani ndiyo heshima yenyewe. Huku videni vidogo ndivyo vinavyoweka njia kati ya nyumba na nyumba. Mimi yangu nilikuwa nimeiziba kwa pakiti ya chumvi. Nilipokuwa nahangaikia kibali cha kazi nilisoma Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ile iliyoanza Julai 2010: watu, bidhaa, huduma, mitaji. Habari za bakuli hazimo.

Jumamosi ya wiki juzi nikajikaza. Nina blenda, lakini nilikwenda kuazima kinu.

"Hodi! Shikamoo mama. Naomba uniazime kinu, nitwange karanga."

"Marahaba mwanangu. Kumbe upo!"

Nikaketishwa. Akaniuliza wazazi wangu, wadogo zangu, na kwa nini sijaolewa (swali ambalo hata fundi bomba alishaniuliza). Nilikaa saa mbili nzima. Kesho yake kinu kikarudi pamoja na kibakuli cha karanga nilizotwanga, mikono ikiwa na malengelenge. Kibakuli kikaja na mayai manne. Sasa kiko kwangu, nawaza nikitie nini.

Ijumaa akaja kuazima sufuria yangu kubwa, ana wageni kutoka Njombe. Leo Jumatatu. Wageni walishaondoka jana, niliwaona wakipanda bajaji na mabegi yao. Maharage yanamwagikia mkaa kila yakichemka, na jiko lote linanuka moshi.

Sufuria siiulizii.