Ngome ya Mwingereza

Jioni ya leo nimerudia kuitafakari methali ya Waingereza isemayo kwamba nyumba ya Mwingereza ni ngome yake. Wengi wetu huitaja kama ushahidi kwamba watu hao ni wagumu wa kukaribisha wageni na kwamba kila mtu kwao hujifungia na mambo yake. Siridhiki na maelezo hayo. Maneno hayo yalikuwa yakisemwa tangu zamani, lakini yalipata nguvu mahakamani, si sebuleni.

Mwaka 1604 iliamuliwa kesi ya Semayne dhidi ya Gresham. Mtu aliyemiliki nyumba pamoja na Gresham huko Blackfriars, London, alifariki akiwa na deni la Semayne, na mali yake ikabaki humo ndani. Maofisa walipokuja kuikamata, Gresham aliwafungia mlango. Semayne akamshtaki, akashindwa. Edward Coke, aliyeiandika taarifa ya kesi hiyo, alisema kwamba nyumba ya kila mtu ni ngome na boma lake. Hata hivyo, palipokuwa na shauri la Mfalme mwenyewe, ofisa aliruhusiwa kuvunja mlango, mradi kwanza aeleze kilichomleta na aombe kufunguliwa. Sharti hilo la kubisha hodi hunigusa kuliko ngome yenyewe, kwa sababu linaonyesha kwamba anayezuiwa mlangoni ni mwenye mamlaka, wala si jirani. Hapo naiona tabia ya taifa ambalo watu wake walizoea kubishana na dola kwa hoja za sheria, na ninaiheshimu kwa dhati.

Lakini siwezi kuisoma methali hiyo bila kuikumbuka Nairobi ya Aprili 1954, wakati wa hali ya hatari, ambapo majeshi ya Uingereza yaliuzingira mji katika operesheni iliyoitwa Anvil, yakapekua makazi ya Waafrika mtaa kwa mtaa, na maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, wakapelekwa kizuizini bila kufikishwa mbele ya hakimu. Siamini kwamba methali ni ya uongo kwa sababu hiyo. Kinachoniuma ni kwamba ulinzi ulioandikwa kwa ajili ya kila mtu ulikuwa umeshatimiza miaka 350, na aliyelala chumba cha kupanga kule Nairobi bado hakuwa amehesabiwa.