Shanga 41 za kihambani: wiki ya sita

Hatimaye nimepata mashine ya kunisaidia kujua shanga za kihambani, yaani shamba la migomba la ukoo, zilitengenezwa wapi. Sonara mmoja hapa Arusha anayo ile ya mionzi ya kupimia dhahabu, akanipa nusu saa baada ya kufunga duka. Nilibeba shanga zote 41 ambazo mama mkubwa alizikuta Machame akichimba shimo la mgomba.

Tulianza na zile tisa nyekundu zenye moyo mweupe. Nadhani ndizo samesame, shanga ghali za misafara ya karne ya 19. Mbili zimevunjika, kwa hiyo weupe wa ndani tuliupima wenyewe. Madini ya risasi yalijaa, aseniki nayo ikatokea. Nilifurahi, kisha nikasita: kila elementi hutoa miale yenye nishati yake, lakini mwale mkuu wa aseniki na wa risasi huangukia karibu mahali pamoja, kwenye kiloelektronivolti (kipimo cha nishati) 10.5, na mashine huweza kuvichanganya. Tukatafuta mwale wa pili wa aseniki, kwenye 11.7. Upo, mdogo lakini wazi! Weupe wa risasi na aseniki ni kazi ya Ulaya, na mafundi wa Venice waliutumia sana. Seleniamu, iliyoanza kutia kioo wekundu mwishoni mwa karne ya 19, haikuonekana.

Zinazoninyima usingizi ni zile ndogo 14 za rangi ya tofali. Chini ya lenzi, vipovu vya hewa vimerefuka sambamba na tundu, maana yake kioo kilivutwa kikawa mrija mrefu ndipo kikakatwa. Uhindini walifanya hivyo kwa karne nyingi. Lakini umbo halitoshi. Kioo cha majivu ya mimea, kama cha Mashariki ya Kati, huwa na oksidi ya magnesiamu zaidi ya asilimia 1.5, cha Kihindi cha magadi ya ardhini huwa na kidogo, ila alumina (oksidi ya alumini) nyingi. Mashine ya sonara haioni sodiamu kabisa, na magnesiamu haiaminiki, kwa sababu miale yake dhaifu hufia hewani. Tena ngozi ya ushanga uliozikwa huwa imeshapoteza sodiamu.

Dawa yake ni leza: inachimba kishimo cha kama milimita 0.1, kioo safi cha ndani kinapimwa, hadi elementi za urani na bariamu, ambazo hutenganisha hata aina moja ya kioo cha Kihindi na nyingine.

Nilimweleza mama mkubwa. Akauliza, "Hicho kishimo nitakiona?" Nikamwambia hapana, mama. Akachagua tatu kwa mkono wake, akazifunga kwenye kipande cha kanga. Sasa natafuta maabara.