Mi nilijua mmeshaondoka

Jumamosi iliyopita nilichelewa kama dakika ishirini hivi kufika pale soko la samaki hapa Bagamoyo, boda niliyopanda iliisha mafuta njiani ikabidi tusukume wote wawili, nafika jasho linanitoka nawakuta wageni wangu wamekaa zao kivulini, mtu na mkewe, wanaangalia vibua vinavyonadiwa. Nikafurahi nikaropoka kwa kiingereza changu cha kutembezea watalii: "I knew you have left!"

Yule mama akanitazama, akamtazama mumewe, halafu akaniuliza kwa upole kabisa, sasa kama ulijua tumeondoka umekuja kufanya nini?

Nikabaki natoa macho. Maana kwa kiswahili sijakosea kitu jamani, mi nilijua mmeshaondoka, nani hasemi hivyo? Nilijua we ni mdogo wake. Nilijua leo Ijumaa, kumbe Alhamisi. Kudhani tunako, kufikiri tunako, kuwaza tunako, ila mtu wa mtaani akikosea hasemi alidhani, anasema alijua. Mzungu akishakosea anarudi nyuma anasema nilikuwa nafikiri tu. Sisi tunajua moja kwa moja mpaka tuambiwe hatujui.

Nikamweleza hivyo hivyo na yeye badala ya kucheka akafungua begi akatoa daftari. Kumbe ni mwalimu mstaafu kutoka Lyon, kafundisha kiingereza watoto wa kifaransa maisha yake yote, na ana kaugonjwa kamoja, anakusanya maneno ya kufikiri. Kushoto kiingereza, kulia kifaransa, kurasa na kurasa. Akachora mstari mwingine pembeni akaandika juu Kiswahili, akanipa kalamu. Na mimi kifaransa changu ni cha sekondari, D ya kuchechemea, kingine nimeokoteza kwa wageni.

Nikajipa moyo kwamba sio mara ya kwanza lugha hizi mbili kukutana hapa. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliotoka Ufaransa walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, na mmoja wao, padre Charles Sacleux, alikaa huku pwani miaka na miaka akiokota maneno ya wazee wetu, kamusi yake ya kiswahili na kifaransa ikaja kuchapwa Paris 1939, likitabu kubwa. Kwa hiyo nikasema na mimi ngoja nijaribu vijistari vyangu.

Wa kwanza tu ukanishinda. "A penny for your thoughts", waingereza wanayo toka zamani sana, ipo kwenye kitabu cha methali cha John Heywood cha 1546. Maana yake umemkuta mwenzio kanyamaza kaangalia mbali, unamwambia nakupa peni moja niambie unawaza nini. Kifaransa hawana peni wala senti, wanauliza tu "à quoi tu penses?", unafikiria nini. Sasa nenda we ukamkute jirani yako kakaa barazani kashika tama, umuulize una mawazo gani. Atajua unamsema. Kwetu mawazo ni shida! Ukisikia "siku hizi ana mawazo sana" ujue mtu anadaiwa, au kaachwa, au mtoto karudishwa shule hana ada. Mawazo yanakondesha, mawazo yanapandisha presha, daktari anakwambia punguza mawazo. Ndo maana hatuulizi hivyo, tunapita pembeni, mbona kimya? mbona umepooza? kwema lakini? Nikamwandikia "mbona kimya" na nadhani (haya, nadhani) ndo jibu bora nililotoa siku ile.

Mumewe hapo ndo akaingilia, akasema basi yule Descartes, mwanafalsafa wao aliyeandika mwaka 1637 "je pense, donc je suis", nafikiri kwa hiyo nipo, kwa Bagamoyo itakuwa nina mawazo kwa hiyo nipo. Nikamwambia mzee hiyo sio falsafa, hiyo ni kila mtu hapa mwezi wa kwanza.

Tukaanza kutembea na daftari lake, tunaelekea Boma la zamani, kila hatua kumi anasimama. Akanionyesha kwamba kifaransa ukisema "penser à" ni kumuwaza mtu, ukisema "penser de" ni una maoni gani juu yake, kaneno kadogo tu ka katikati. Nilimwambia najua mama, najua sana, kameshaniaibisha. Miaka ya nyuma nikiwa mgeni kwenye kazi nilimaliza kutembeza familia moja kule magofu ya Kaole nikataka kuuliza mmeonaje huduma yangu, nikamgeukia mke wa mtu nikamuuliza "vous pensez à moi?", yaani huwa unaniwaza? Mume yupo hapo hapo kabeba mtoto. Walicheka, lakini bahshishi ilikuwa nyembamba.

Na kosa lilikuwa hili, kwamba kwa kiswahili mi nisingetumia kufikiri kabisa. Maoni kwetu yanaonwa. Unaonaje? Naona poa. Wewe unamwonaje huyu kijana? Naona hafai. Mzee anaweza akawa haoni hata mlango ulipo, ukimpelekea kesi atakwambia mi naona mrudishiane tu. Yule mama aliandika "unaonaje" akaipigia mistari miwili chini.

Sehemu ya kuumiza kichwa ndo ilinoga. Kiingereza unatesa ubongo, "rack your brains", hilo rack ni lile libao la zamani la kumnyoosha mtu viungo mpaka aseme. Ukatili mtupu. Kifaransa wao ni wachimbaji, "se creuser la tête", kujichimba kichwa, au wanataja kabisa "les méninges", zile ngozi zinazofunika ubongo, ndo hizo hizo zinazovimba mtu akipata homa ya uti wa mgongo. Halafu wakiwa kwenye mkutano wanatafuta mawazo kwa pamoja, waingereza wanasema "brainstorm", dhoruba ya ubongo, wafaransa wakatengeneza na la kwao, "remue-méninges", koroga ubongo. Nikamwambia subiri, hapa tunawapiga. Sisi kwenye semina mwezeshaji anasimama na maka pen anasema haya washiriki tubungue bongo. Akauliza kubungua ni nini. Nikaangaza macho, bahati nzuri tulikuwa tunapita karibu na duka mama mmoja anapepeta mahindi, nikaomba punje moja yenye kitundu, nikamwekea kiganjani. Mdudu kaingia hapa, kala ndani kwa ndani, katokea huku. Hiyo ndo kubungua. Aliigeuza ile punje akaiweka kwenye jua, akachungulia kitundu mpaka akaona upande wa pili, halafu akaifunga kwenye karatasi ya tishu akaiweka katikati ya daftari. Kuna punje ya mahindi ya Bagamoyo sasa hivi ipo Lyon.

Waingereza kusema kweli wanafikiri kwa tumbo. Jambo la kutafakari ni chakula, "food for thought", kulifikiria taratibu ni kulitafuna, "chew it over", wazo lisilokamilika limeiva nusu, "half-baked". Ukikaa na jambo moja siku nzima umeliatamia kama kuku, ndo "brood" hiyo. Wafaransa kutafakari ni "réfléchir", neno hilo hilo la kioo kinavyorudisha mwanga, kwa hiyo mtu akitafakari ni kama anajitazama. Na "penser" yenyewe, aliniambia, ni ndugu na "peser", kupima uzito, yote mawili yametoka kwenye kilatini, yalikuwa kitu kimoja. Nikakumbuka asubuhi ile pale sokoni kulikuwa na jodari mdogo ananing'inia kwenye mizani, mshale unatetemeka haujatulia, muuzaji kishasema kilo nne, mnunuzi anasema ngoja itulie kaka mbona una haraka, ikatulia tatu na robo. Yule mnunuzi alikuwa anafikiri kifaransa bila kujua. Ingawa na sisi mtu akishindwa kuamua tunamwambia pima mwenyewe, kwa hiyo hapo tuko nao.

Kwenye kulala hakuna ugomvi, wote tunalala. "Sleep on it", "la nuit porte conseil", usiku unaleta ushauri. Bibi yangu alikuwa hajibu posa siku inapoletwa, hata kama bwana harusi kashapendwa na mahari ishaonekana, anasema nendeni mje keshokutwa, acheni tulale. Ila kwenye kufunga mdomo wanatofautiana hesabu, mwingereza anatakiwa afikiri mara mbili, "think twice", mfaransa azungushe ulimi mdomoni mara saba kabla hajasema. Saba! Sisi hatuhesabu, tunasema tu heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, kisha tunajikwaa.

Mengine tuliyapita mbio. Kubadili mawazo nikampa kughairi, akalipenda kwa sauti yake tu. Kuamua nikampa kukata shauri.

Saa kumi jioni gari lao likaja. Ameshika mlango, akaniuliza la mwisho, waingereza wana "mind", wafaransa "esprit", nyie mnaita nini? Dereva anapiga honi. Nikasema akili. Akaandika, tukaagana, wakaondoka.

Nikaenda zangu kwenye kahawa. Kikombe cha pili nikashtuka. Akili wapi! Akili ni ya darasani na ya ujanja, akili ni nywele. Mwingereza anaposema "I said to myself" mi nasema nilisema moyoni. Wazo likikataa kutoka linakaa moyoni. Mtu asiye na uhakika moyo wake nusu nusu. Na mji wenyewe tuliokanyaga siku nzima unaitwaje? Wazee wengine wanasema ni bwaga moyo, wapagazi wa misafara wanafika pwani wanatua mizigo wanapumzisha moyo, wengine wanasema ni mateka ndo waliouacha moyo hapa kabla ya kupandishwa majahazi, vyovyote vile ni moyo, na mi asubuhi nimewasimulia mwenyewe hadithi yote hiyo, nalipwa kwa kuisimulia, halafu naulizwa neno nasema akili.

Na ndo nikakumbuka mstari mmoja kwenye daftari lake ambao sikuuwekea kitu, "l'esprit de l'escalier", akili ya kwenye ngazi, Diderot, mwandishi wao wa zamani, alilieleza hilo, kwamba mtu umebanwa kwenye maongezi huko juu umekosa la kusema, jibu linakujia ukishafika chini ya ngazi. Waingereza mara nyingi wanaazima hilo hilo la kifaransa. Muuza kahawa akaniuliza mbona kimya.

Nikamtumia yule mama meseji wasapu, moyo, sio akili, ni moyo. Alikuwa ameshaingia njia ya Dar na laini yake ni ya kitalii. Tiki moja mpaka leo.