Nilivyoacha kulitia kosa neno la nyumbani

Nafundisha gredi ya pili katika shule moja ya msingi kisiwani Mombasa, upande wa Majengo. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na watoto 58 chini ya paa la mabati. Ikifika Machi, masika hayajaanza, jasho hudondoka daftarini kabla ya saa nne. Wengine walitoka Mji wa Kale na Kimvita chao, ndicho Kiswahili cha wenyeji wa Mombasa, wengine nyumbani ni Kigiriama, Kiduruma au Kidigo, na wengine wazazi walishuka kutoka bara kutafuta kazi bandarini, kwao husikii ila Kikamba, Kiluhya au Kijaluo. Wote nikiwasomesha Kiswahili kimoja, cha kitabuni, nami nikiamini kwa moyo safi kuwa hiyo ndiyo haki yao.

Siku moja nilibandika picha ubaoni, kila mtoto aandike jina la anachokiona. Binti mmoja, mwenye mwandiko mzuri kuliko darasa zima, aliandika "ndia" penye njia, "mato" penye macho, na "mtele" penye mchele. Nikayapitishia yote matatu kalamu nyekundu. Kisha nikamsimamisha asome, na hapo ndipo nilipokosea zaidi. Alipofika kwenye "mato" darasa likaangua kicheko, na mpaka mapumziko watoto walikuwa wakiliimba uwanjani: mato, mato, mato.

Wiki mbili binti yule hakufungua kinywa. Nikimwuliza swali anainamisha kichwa. Nilipochukua daftari lake kulisahihisha nilikuta zile alama nyekundu amezisugua kwa kidole chenye mate hadi karatasi ikatoboka. Nilibaki nimelishika lile daftari, nikiutazama ukurasa wa pili kupitia matundu ya ukurasa wa kwanza.

Nyanya yake alikuja mwenyewe, na buibui lake, kengele ya asubuhi haijalia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuuliza. Sisi kwetu twasema ndia, na babake babangu alisema ndia. Sasa huyu mtoto akirudi nyumbani aniambia, nyanya, wewe hujui Kiswahili. Ni kweli sijui?"

Sikuwa na la kumjibu. Chuoni nilisoma kwamba Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya mjini Zanzibar, na kwamba mkutano uliokata shauri hilo ulifanyika papa hapa Mombasa, mwaka 1928. Niliyasoma nikapita mtihani. Sikuwahi kufikiri kuwa uamuzi ule ungemfikia mtoto wa miaka saba kwa mkono wangu mimi. Na Muyaka bin Haji, ambaye mashairi yake tunajivunia hadi leo, alitunga kwa Kimvita hikihiki. Nilimwomba bibi radhi, nikamwambia anipe muda.

Nilichofanya kilitoka barazani kwao. Kila anayepita Mji wa Kale ameona zile baraza za mawe mbele ya nyumba, wazee wameketi, dele la kahawa liko mkaani, kila mtu anapewa nafasi aseme lake. Nikanunua mikeka miwili, nikasukuma madawati ya mbele ukutani, na kila asubuhi kabla ya somo la kwanza tukawa na baraza la dakika 15. Watoto 58 hawaenei mikekani, kwa hiyo walipokezana, nusu leo na nusu kesho, na waliobaki madawatini wakisikiliza. Kila siku neno moja. Kwenu mwaliitaje? Nikaandika yote kwenye karatasi ya manila, upande mmoja "la nyumbani", upande wa pili "la kitabuni". Macho yakapata mato kutoka Mji wa Kale na matso kutoka kwa watoto wa Kimijikenda, yaani Kigiriama, Kiduruma na Kidigo. Maji yakapata madzi kutoka kwa haohao, na pii ya Kijaluo.

Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Vijana wawili waliona hiyo ndiyo nafasi ya kuleta matusi ya lugha zao. Mzazi mmoja alikuja juu: amemleta mtoto ajue Kiingereza, si lugha ya jirani. Yeye sikubishana naye. Nilimketisha mkekani asubuhi moja, akasikia mwanawe akilieleza neno la kwao mbele ya wenzake. Hakusema kitu alipoondoka, lakini malalamiko hayakurudi.

Kusoma kwenyewe tulikufanya kwa vizibo vya soda. Niliokota gunia zima kwa wauza vinywaji, nikaandika silabi kwa kalamu ya wino mzito: cho, to, nja, nda, che, te. Kila kikundi cha watoto sita kikawa na bakuli lake. Wanapanga ma-cho, wanaondoa cho wanaweka to, wanapata mato. Mche-le ikawa mte-le. Njoo ikawa ndoo, wakacheka, kwa sababu ndoo ni ya kutekea maji. Walikuwa wanagundua kanuni bila mimi kuitamka.

Ndipo mvulana mmoja akapanga vizibo vyake kwa furaha, akasoma kwa sauti: "Takula!"

Na yule binti, wiki zote zile kimya, akainua kichwa. "Hapana. Sisi hatusemi takula. Twasema chakula."

"Mbona mwasema mtele?"

"Mtele ndiyo. Takula hakuna."

Nilimwambia mvulana kuwa katika hilo mwalimu ni yule pale. Si kila "ch" ya kitabuni hugeuka "t" kwa Wamvita, na hilo huwezi kulijua kwa kukisia, lazima umwulize mwenye lugha. Tangu siku ile watoto walimfuata yeye, si mimi. Sipendi kusema mambo makubwa kuhusu kazi yangu, lakini siku hiyo nilikwenda nyumbani nikiwa mwepesi.

Mwisho wa muhula picha zilirudi ubaoni. Binti akanyosha mkono kabla hajaandika chochote: "Mwalimu, la nyumbani au la kitabuni?" Nikamwambia la kitabuni. Akaandika njia, macho, mchele, bila kosa. Pembeni, kwa herufi ndogo, akaweka na yale yake matatu.

Muhula wa pili tuliletewa mtoto mgeni kutoka Lodwar, Kiswahili chake kidogo sana. Alisimama mlangoni ameng'ang'ania mkoba. Sikuwa nimefika kwake binti alipomsogezea nafasi mkekani, akamsukumia bakuli la vizibo, akamwuliza, "Kwenu maji mwayaitaje?"