Taa tunayo, kipimo hatuna

Mimi ni wa Gestion, yaani usimamizi wa biashara, si wa Politekniki, kitivo cha uhandisi, na katika kikundi chetu pale Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, nakumbushwa hivyo kila juma. Wenzangu wengi wanasoma umeme na mekanika, wachache ni wa udaktari. Mimi niliingizwa kwa sababu ilionekana kwamba wanafunzi wanaotaka kutengeneza vifaa vya hospitali na kuviuza wanahitaji mtu wa hesabu. Kazi yangu ni kuuliza bei. Muuliza bei hapendwi, hasa usiku ule taa mpya inapowaka kwa mara ya kwanza na kila mtu ametoa simu apige picha.

Taa yenyewe ni ya ikteri, ile manjano ya watoto wachanga. Chembe nyekundu za damu zikivunjika huacha dutu ya njano iitwayo bilirubini, na ini la mtoto mchanga mara nyingi halijawa na nguvu ya kuiondoa. Ikizidi sana hupenya hadi kwenye ubongo, na mtoto anaweza kubaki kiziwi au mlemavu maisha yake yote. Mwanga wa bluu, wa nanomita 460 hadi 490 hivi, huigeuza bilirubini iliyo ngozini ikapata umbo linaloweza kutoka kwa nyongo na mkojo. (Si mionzi ya urujuanimno, ingawa nusu ya watu waliokuja kututazama walituambia hivyo kwa uhakika kabisa.) Aliyeanza kuliona jambo hili ni muuguzi: Sista Jean Ward wa hospitali ya Rochford, Essex, Uingereza, miaka ya 1950. Alizoea kuwatoa watoto nje waote jua, akaona kwamba ngozi iliyopigwa na jua imepauka, na iliyokuwa chini ya shuka imebaki ya njano. Mwaka 1958 daktari Richard Cremer na wenzake wakachapisha kazi yao juu ya kutibu kwa taa.

Kwa hiyo hakuna siri hapo. LED za bluu zinapatikana, kipande cha aluminiamu cha kuzipoza, feni ndogo, betri ya volti 12 kwa saa ambazo SNEL, shirika letu la umeme, linakata. Wenzangu walifunga vyote, ikawaka, tukapiga makofi. Feni ilianza kuvuta vumbi letu jekundu siku hiyohiyo, lakini hilo lilitatuliwa kwa kitambaa.

Kisha tukamwalika muuguzi mmoja wa chumba cha watoto wachanga, mama mtu mzima. Taa hakuitazama sana. Alimshika mwanasesere tuliyemlaza chini yake, akamgeuza, akaingiza mkono kama anayetafuta mshipa wa kuwekea serumu (dripu). Kiwiko kikagonga fremu.

"Wanangu, sindano nitaipitishia wapi hapa?"

Tukanyamaza. Akaendelea: "Na kwa mwanga huu kila mtoto ni wa bluu. Akikosa hewa nitajuaje?"

Kaka yetu wa elektroniki, ambaye huwa na jibu la wati na la ampea kwa kila kitu, alijikuna kichwa. Leo fremu ina bawaba, inanyanyuka kwa mkono mmoja, na pembeni kuna swichi inayozima bluu na kuwasha taa nyeupe. Kwangu mimi swichi ile ndiyo sehemu bora ya kifaa kizima, na haikutoka Politekniki.

Lakini swali langu la bei lilikuja kunasa mahali pengine. Jicho haliwezi kupima mwanga huu. Kwa tiba kali ya mwanga, madaktari wanataka angalau mikrowati 30 kwa kila sentimita ya mraba kwa kila nanomita. Ukiinua taa kidogo tu kutoka kwa mtoto, nguvu inashuka. Kinachoweza kukuambia uko wapi ni radiometa, kifaa cha kupima nguvu ya mwanga, na radiometa nzuri inapita dola elfu moja. Taa yetu yote haifikii hata robo yake. Ongeza sasa kanuni ya kimataifa ya taa hizi, IEC 60601-2-50, ambayo hata kuisoma unalipia, na idhini za Kinshasa.

Wenzangu wakichoka hunitajia Pumani. Ni mfano mzuri kweli: wanafunzi wa Rice University, Houston, walitumia pampu za akwariamu kutengeneza mashine ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, wakishirikiana na hospitali ya Queen Elizabeth Central ya Blantyre, nchini Malawi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, watoto waliowekewa mashine hiyo walipona asilimia 71, na waliopewa oksijeni ya kawaida asilimia 44. Sawa. Ila kati ya wanafunzi na wodi walikuwepo madaktari, utafiti kwa wagonjwa, na kampuni ya California iliyoitengeneza kwa wingi. Sisi tuna meza moja na chuma cha kulehemu.

Nilimweleza mama yangu, anayeuza unga soko ya Kenya, hapahapa Lubumbashi. Alinisikiliza huku akihesabu noti, akaniuliza: "Sasa mnataka kumuuzia mtu taa, na taa anayo?"

Nikaanza kuzitazama taa walizo nazo. Katika hospitali moja ya mjini nilikuta ya neoni, inawaka vizuri, na hakuna aliyejua mirija yake ilibadilishwa lini. Mirija hiyo huchoka: inaendelea kung'aa huku nguvu yake ya kutibu imeshuka. Watafiti waliozipima taa za hospitali Nijeria walikuta nyingi ziko chini ya kiwango. Mtoto analala chini yake, mama anasubiri, siku zinakwenda.

Ndiyo maana nimependekeza tununue radiometa kabla ya kutengeneza taa ya pili. Tupite kwenye maternite (wodi za wazazi), tupime, tubadilishe mirija au tuweke LED, tulipwe kwa kila taa. Yetu tutaiuza baadaye, tukiwa na namba zake mkononi. Wa elektroniki walikasirika, wakasema nimewageuza mafundi wa balbu wakati shindano la ubunifu iko karibu. Wa udaktari walikuwa upande wangu. Tulipiga kura, ikapita kwa shida.

Sasa tunachanga. Tumepata fununu ya radiometa iliyotumika. Nimekataa kuilipia hadi nione cheti kinachothibitisha kwamba inapima sawasawa. Kliniki mbili zimesema tuje, na moja imeuliza kama tutatoa fakitire (ankara) yenye muhuri. Juma hili nashughulikia usajili, huku wenzangu wakibishana taa iitwe nani.