Yamepaushwa na Nani?

Nimerudi sasa hivi kutoka kwa wavuvi, miguu ina mchanga bado, nami nataka kuliandika hili kabla halijapoa.

Jumatano iliyopita, katika kipindi changu cha redio, nilisoma taarifa niliyowatafsiria watafiti fulani. Nikasema "matumbawe yaliyopaushwa". Neno nililichagua mwenyewe na nililipenda. Leo mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu kivulini akaniita. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hayo matumbawe yamepaushwa na nani?" Yeye na wenzake walielewa kwamba kuna mtu amemwaga dawa baharini, na walishaanza kutajana majina.

Nikaketi mchangani. Nikamweleza kwamba tumbawe ni mnyama, na ndani ya nyama yake mnaishi vimwani vidogo visivyoonekana kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyompa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa, huvitoa, akabaki mweupe. Yu hai, ila ana njaa. Maji yakipoa mapema huenda akapona. Mzee akavuta uzi, akakaza fundo. "Hayo tuliyaona baada ya mvua za Elinino, mwaka 1998. Basi sema yamepauka."

Yamepauka. Nilipita chuo kizima cha baolojia bila mtu kunifundisha kwamba kitenzi kinaweza kumtia jirani hatiani. (Ingawa joto lenyewe lina waliolisababisha, na hao nitawafikia kipindi kijacho.)

Nilianza kwa kuongoza wageni kwenye mashua katika hifadhi ya bahari hapa Malindi, iliyotengwa mwaka 1968. Zikafuata tafsiri, redio, halafu shule. Kwa miaka mingi niliviona vyote ni vibarua vya kusubiria kazi yenyewe. Shirika moja lilinilipa baada ya miezi saba. Pesa za mashua ndizo zilizolipa kodi ya nyumba. Lakini leo naona kwamba bila mashua nisingefahamiana na mzee yule, na bila mzee, tafsiri yangu ingebaki na kosa ambalo hakuna mtafiti angeliona.

Mwezi uliopita nilikuwa na watoto wa shule ya msingi Ngomeni. Mbele ya kijiji chao, baharini, yamesimama majukwaa ya Waitaliano. Kutoka jukwaa la San Marco, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kuundwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Ilipewa jina hilo kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake. Nikawaambia hewa yetu huzizuia eksirei hizo, ndiyo maana chombo kilipelekwa juu ya hewa. Msichana mmoja akanyoosha mkono: "Huko juu nani mgonjwa?" Eksirei aliijua ya hospitali tu. Tulimaliza saa nzima kwenye swali lake, hadi tukafika kwenye gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi ikiporomokea mabaki ya nyota zilizokufa. Nimeliandika swali hilo juu kabisa ya ukurasa wa kipindi cha eksirei.

Jumatano hii nitaanza kwa kujisahihisha hewani. Mzee amekubali kuja studioni, ila bahari ikiwa shwari siku hiyo, nisimngoje.